Ugaga ukishaganda, mswaki hauwezi tena: Mzazi ajue nini kuhusu kusafishwa meno

Katika nyumba nyingi, damu inayotoka na povu la dawa ya meno asubuhi haimshtui mtu. Baba anatema, anafungua bomba, damu inaondoka na maji, safari ya kazini inaanza. Mama akiiona yeye anadhani mswaki ni mgumu, ananunua mwingine laini. Wapo wanaoacha kabisa kupiga mswaki upande unaotoa damu, wakiamini wanazipumzisha fizi.

Kama damu hiyo ingetoka sikioni kila siku kwa miezi sita, familia ingekuwa imeshafika hospitali. Ikitoka kwenye fizi inaonekana jambo la kawaida. Matokeo yake, watu wengi wazima humwona daktari wa meno kwa mara ya kwanza siku jino linapouma au linapoanza kucheza. Wakati huo mara nyingi kinachozungumzwa ni kung'oa.

Katikati ya damu ya kwanza na jino linalocheza kuna miaka mingi ambayo tatizo lingeweza kusimamishwa. Chanzo chake kwa watu wengi ni kimoja: uchafu ulioganda kwenye shingo za meno, ambao Waswahili huuita ugaga. Dawa yake ni kusafishwa meno na mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa ugonjwa mkali wa fizi unawasumbua zaidi ya watu bilioni moja duniani. Wengi wao hawajui kuwa wanaumwa, kwa sababu ugonjwa huu hauumi mapema.

Ukoga na ugaga si kitu kimoja

Saa chache baada ya mtu kupiga mswaki, utando laini huanza kujijenga upya juu ya meno. Huo ndio ukoga. Ukipitisha ukucha kwenye jino asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kile cheupe au cha manjano kinachobaki kwenye ukucha ndicho hicho. Si mabaki ya chakula tu. Ni bakteria walioshikamana kwa wingi, wanaokula sukari na wanga tunavyotafuna.

Habari hii si mpya. Mwaka 1683, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa lenzi alizotengeneza kwa mikono yake, na akaandika barua akieleza alivyoona viumbe vidogo vikitembea humo. Hao walikuwa miongoni mwa bakteria wa kwanza kuonekana na macho ya binadamu.

Ukoga ni laini, na mswaki unautoa. Shida inaanza pale unapoachwa. Mate yana madini ya kalsiamu na fosifeti ambayo kwa kawaida hulisaidia jino kubaki imara. Madini hayohayo huingia ndani ya ukoga usioondolewa na kuugandisha. Kazi hiyo inaweza kuanza ndani ya siku moja hadi tatu, na baada ya siku kumi au kumi na mbili hivi ule utando unakuwa mgumu kama mchanga ulioshikana na saruji. Huo sasa ni ugaga.

Ugaga hupenda sehemu mbili zaidi ya nyingine: nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na upande wa shavu wa magego ya juu. Sababu ni kwamba hapo ndipo mirija mikubwa ya mate hufungukia. Mtu anaweza kuwa na meno meupe yanayopendeza anapocheka, kumbe nyuma ya meno ya chini kuna ukuta wa manjano uliounganisha meno manne.

Aina nyingine haionekani kabisa. Hujificha chini ya ufizi, ni nyeusi au kahawia iliyoiva, na hushika kwenye mzizi wa jino. Hiyo haiwezi kugunduliwa kwa kioo cha nyumbani.

Ugaga wenyewe hauumi wala hauozeshi jino. Ubaya wake ni kwamba una uso wa kukwaruza, hivyo ukoga mpya hushika juu yake kwa urahisi, na mswaki hauwezi kuufikia ufizi uliofichwa nyuma yake.

Damu ile inamaanisha nini

Mwaka 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kusafisha meno. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha meno yao, fizi zilipona kwa takriban wiki moja.

Jaribio hilo dogo bado linafundishwa hadi leo, na lina habari mbili kwa mzazi. Kwanza, fizi yenye afya haitoi damu kwa kuguswa na mswaki. Ikitoa, imevimba. Pili, katika hatua hiyo ya mwanzo ugonjwa unarudi nyuma kabisa, mradi ukoga uondolewe. Ndiyo maana kuacha kupiga mswaki mahali panapotoa damu ni kosa. Hapo ndipo panapohitaji mswaki zaidi, kwa upole.

Ila palipo na ugaga, mswaki pekee hautoshi. Mtu anaweza kupiga mswaki mara tatu kwa siku na fizi zikaendelea kutoa damu, kwa kuwa anasugua juu ya ukuta huku wadudu wako nyuma yake.

Jino zima, halina tundu, lakini linacheza

Kwa baadhi ya watu, uvimbe wa fizi hauishii kwenye fizi. Mwili, katika kupambana na bakteria hao, unaanza kuharibu nyuzi zinazolishikilia jino na mfupa wa taya unaolizunguka. Ufizi unaachana na jino na kutengeneza mfuko. Ndani ya mfuko ukoga na ugaga huongezeka, mfupa unazidi kushuka, na mwisho jino linabaki limesimama kama nguzo ambayo udongo umeondolewa kwenye shina.

Hapo ndipo familia hushangaa: jino halijatoboka, halijawahi kuuma, mbona linacheza? Mfupa uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi wenyewe. Matibabu yanaweza kusimamisha ugonjwa pale ulipofika, lakini hayamrudishi mtu alikokuwa miaka kumi iliyopita.

Si kila mwenye ugaga atafika huko. Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Watu hao hawakuwa na mazoea ya kupiga mswaki wala huduma ya meno, na karibu wote walikuwa na ukoga na ugaga mwingi. Asilimia 8 kati yao ugonjwa ulikwenda kasi na kuwapukutisha meno kabla ya uzee. Asilimia 81 ulikwenda taratibu. Asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba.

Maana yake ni kwamba yule mzee wa kijijini ambaye hajawahi kumwona daktari wa meno na bado anatafuna mahindi ya kuchoma yupo kweli, lakini si kipimo cha familia nzima. Hakuna anayejua kwa kujitazama kwenye kioo kama yuko kwenye kundi la wale 11 au la wale 8.

Yanayosukuma ugonjwa uende kasi yanajulikana. Uvutaji wa sigara ni mojawapo, tena una hila yake: sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuonekana hazitoi damu huku mfupa ukiendelea kuliwa. Kisukari kisichodhibitiwa ni kingine. Uhusiano wa kisukari na fizi unakwenda pande zote mbili, kwani sukari iliyo juu huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zinazoumwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi, ikiwamo kusafishwa chini ya ufizi, walipata nafuu ya kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa wastani wa asilimia 0.43. Kwa familia yenye mzazi anayemeza vidonge vya sukari kila siku, hiyo ni sababu tosha ya kumpeleka kliniki ya meno.

Dalili za kuzitazama nyumbani

Mtu asisubiri maumivu. Dalili zinazopaswa kumpeleka kwa daktari wa kinywa na meno ni hizi:

Fizi zinatoa damu wakati wa kupiga mswaki au kung'ata embe au muwa.

Fizi ni nyekundu iliyoiva, zimevimba, au zinang'aa.

Kuna kitu kigumu cha manjano au kahawia kwenye shingo za meno ambacho hakitoki kwa mswaki.

Harufu ya kinywa hairudi kuwa nzuri hata baada ya kupiga mswaki.

Meno yanaonekana kurefuka, yameachana, au yanacheza.

Usaha unatoka ufizi ukibonyezwa.

Suala la harufu linastahili neno la ziada, kwa sababu ndilo linaloleta ukimya ndani ya nyumba. Mwenye harufu aghalabu haisikii. Anayeisikia anaogopa kusema, hasa kwa mwenza wake. Mke anaweza kugeuka upande wa pili kitandani kwa mwaka mzima bila kutaja sababu. Ni afadhali kusema kwa staha, bila kumlaumu mtu: "Baba watoto, naona fizi zako zinatoa damu, twende wote tukasafishwe meno." Kwenda wawili kunaondoa aibu, na mara nyingi yule aliyetoa ushauri naye hukutwa na ugaga wake.

Anachofanya daktari

Hofu ya kiti cha meno kwa wengi imetokana na kung'olewa jino utotoni. Kusafishwa ni kitu tofauti.

Daktari huanza kwa kuuliza historia ya afya, kisha anatazama kinywa chote. Atatumia kifaa chembamba chenye alama za milimita kupima nafasi kati ya ufizi na jino. Nafasi ya milimita moja hadi tatu ni ya kawaida. Kuanzia nne kwenda juu, penye damu, kuna mashaka ya mfuko. Akihitaji kujua hali ya mfupa ataagiza picha ya eksirei.

Kisha huanza kuondoa ugaga. Kliniki nyingi hutumia mashine yenye ncha inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde huku ikitoa maji. Mtetemo huo unaupasua ugaga vipande vipande, maji yanaipoza ncha na kuosha vipande, na mrija wa kunyonya unaondoa maji mdomoni. Mgonjwa husikia mlio mkali na ubaridi. Sehemu zilizobaki humaliziwa kwa vifaa vya mkono vyenye ncha iliyopinda. Palipo na mifuko yenye kina, daktari atachoma sindano ya ganzi ili asafishe hadi kwenye mzizi bila maumivu. Mwisho meno husuguliwa kwa dawa maalumu ili yawe laini na yasishike ukoga haraka.

Mwenye ugaga wa kawaida humaliza kwa ziara moja ya nusu saa hadi saa moja. Mwenye ugaga wa miaka mingi anaweza kupangiwa ziara mbili au zaidi, na pengine kurudi baada ya wiki kadhaa ili mifuko ipimwe tena. Asione kama anazungushwa.

Damu kidogo siku hiyo ni kawaida, kwa sababu fizi zilikuwa zimevimba tangu mwanzo. Kwa siku chache, pengine wiki moja au mbili, meno yanaweza kusisimka kwa maji baridi. Hali hiyo hutulia. Damu isiyokoma, uvimbe wa uso au homa si kawaida, na mtu arudi kwa daktari bila kuchelewa.

"Ukisafishwa, meno yanalegea"

Hili ndilo neno linalowazuia wengi, na halikutoka hewani. Watu wameona kwa macho yao: jirani alisafishwa, akatoka na mianya kati ya meno, na jino moja likaanza kucheza.

Kilichotokea ni kwamba ugaga ulikuwa umejaza mianya hiyo na kuyafunga meno pamoja, mithili ya saruji. Mfupa chini yake ulikwisha kushuka zamani. Ugaga ulipotolewa, uvimbe wa fizi ukapungua, na hali halisi ikaonekana. Kusafisha hakukuleta mwanya, kuliufunua. Kuuacha ugaga uendelee kulishika jino ni sawa na kuacha mchwa ukutani kwa sababu ndio walioziba ufa.

Dai lingine ni kwamba mashine inakwangua tabaka la juu la jino. Tabaka hilo, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Mashine ikitumiwa ipasavyo na mtu aliyesomea hailiharibu.

Wengine huamini kusafishwa ni kung'arishwa. Kusafisha huondoa ugaga na madoa ya chai, kahawa na sigara, hivyo jino hurudi kwenye rangi yake ya asili. Halilifanyi liwe jeupe kuliko lilivyoumbwa.

Hapa wazazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na maeneo mengine ya bonde la ufa wana la kuzingatia. Rangi ya kahawia inayoonekana kwenye meno ya wengi waliokulia huko hutokana na wingi wa floraidi katika maji waliyokunywa utotoni, wakati meno yakiumbika ndani ya fizi. Magadi yanayotumika jikoni nayo yamekutwa na floraidi. Rangi hiyo iko ndani ya jino. Haiwezi kukwanguliwa, na hakuna haja ya kumlaumu mtoto kuwa hapigi mswaki. Zipo tiba nyingine za kuipunguza, na daktari ndiye wa kushauri.

Kila baada ya muda gani?

Wengi wamesikia "kila miezi sita". Kwa mtu mwenye fizi nzuri, ushahidi si mkali kiasi hicho. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yaliwatazama watu wazima waliokuwa na mazoea ya kwenda kliniki na wasio na ugonjwa mkali wa fizi. Katika miaka miwili hadi mitatu, tofauti ya hali ya fizi kati ya waliosafishwa kila miezi sita, kila mwaka, na ambao hawakupangiwa kusafishwa, ilikuwa ndogo au haikuwapo.

Hilo lisieleweke vibaya. Tafiti hizo hazikuwahusu watu wenye ugaga wa miaka kumi na mifuko yenye usaha. Kwao, kusafishwa ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu, na baada ya hapo wengi huhitaji kurudi kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Kwa wengine, muda upangwe na daktari kulingana na hali ya mtu. Uingereza, kwa mfano, taasisi inayotoa miongozo ya tiba ilipendekeza tangu mwaka 2004 kuwa mtu mzima anaweza kupangiwa uchunguzi kati ya miezi mitatu na miezi 24, na walio chini ya miaka 18 wasizidishe miezi 12. Familia yenye bajeti ndogo inaweza kuanza na uchunguzi mmoja kwa mwaka, kisha fedha ya kusafisha iende kwa mwenye uhitaji zaidi.

Daktari aambiwe nini kabla ya kuanza

Kuna mambo ambayo mgonjwa asiyafiche hata kama hakuulizwa:

Kama ana ugonjwa wa moyo, hasa matatizo ya vali au vali ya bandia. Baadhi ya wagonjwa hawa hupewa dozi ya antibayotiki kabla ya kusafishwa, ili bakteria wa kinywani wasije wakashika kwenye moyo.

Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano warfarin. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

Kama ana kisukari, shinikizo la damu, pumu, au tatizo la damu kutokoma.

Kama amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Kama ni mjamzito.

Kwa wajawazito, homoni hufanya fizi zivimbe kirahisi hata kwa ukoga mdogo. Ile imani kwamba mjamzito asiguse kliniki ya meno haina msingi. Kusafishwa ni salama, na miezi ya katikati, kuanzia wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye starehe zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti. Baadhi ya watu huahidi kuwa kusafisha meno kutazuia mtoto kuzaliwa njiti. Tafiti hazijathibitisha hivyo. Mama asafishwe kwa ajili ya fizi zake, na hiyo inatosha.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Vifaa vinavyoingia kinywani hugusa damu, na homa ya ini aina ya B na VVU vinaweza kupita kwenye vifaa vichafu. Vifaa vya chuma vinapaswa kutakaswa katika mtambo wa mvuke wenye joto na mgandamizo, na mara nyingi hutoka vikiwa ndani ya pakiti zilizofungwa. Glavu ziwe mpya kwa kila mgonjwa. Anayesafisha meno kwenye meza ya sokoni au saluni, hata kama bei yake ni nusu, hana pa kutakasia vifaa na hajui mfuko wa fizi ni nini.

Limau, mkaa na dawa za dukani

Mitandaoni kuna wanaofundisha kuondoa ugaga kwa limau na magadi. Tindikali ya limau kweli huyeyusha kalsiamu, lakini haichagui. Inayeyusha ya ugaga na ya jino pamoja, na jino halioti upya. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga hukwangua jino taratibu hadi linaanza kusisimka. Kujikwangua kwa pini, wembe au vile vifaa vya chuma vinavyouzwa mtandaoni huchana fizi na kusukuma ugaga ndani zaidi.

Dawa za meno zilizoandikwa kuwa huzuia ugaga zinaweza kupunguza kasi ya ugaga mpya. Haziondoi uliokwisha kuganda. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini husaidia kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari, ila ikitumiwa kwa wiki nyingi huacha madoa ya kahawia.

Kununua vidonge vya metronidazole au amoxicillin kila fizi zinapotoa damu nako ni kuchezea afya. Uvimbe unaweza kutulia siku mbili, ugaga unabaki palepale, na bakteria wanajifunza kuizoea dawa.

Mswaki wa mti, ambao ndio uliompa mswaki wa dukani jina lake, si adui. WHO imewahi kuhimiza matumizi yake pale unapopatikana. Utafunwe mpaka uwe na nyuzi laini, usuguliwe taratibu, na ufike nyuma ya meno, si mbele tu.

Watoto nao wanahitaji?

Watoto wengi wadogo hawana ugaga mwingi. Adui yao mkubwa ni meno kutoboka. Hata hivyo, mtoto apelekwe kuchunguzwa meno mapema, ikiwezekana kabla hajatimiza mwaka mmoja, ili aizoee kliniki asipokuwa na maumivu.

Baadhi ya watoto hupata mstari mweusi karibu na fizi. Mara nyingi hayo ni madoa ya bakteria fulani na si kuoza, na husafishika kliniki. Mzazi asijaribu kuyakwangua.

La kuangalia zaidi ni kijana wa miaka 12 hadi 20 ambaye meno ya mbele yanaanza kuachana au magego ya kwanza yanacheza. Ipo aina ya ugonjwa wa fizi inayokwenda kasi kwa vijana, huonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika, na inaweza kutokea hata kama meno yanaonekana masafi. Kijana huyo asiambiwe asubiri akue. Apelekwe wiki hiyohiyo.

Kazi inayobaki nyumbani

Kusafishwa bila kubadili mazoea ni kufagia uwanja chini ya mwarobaini. Ukoga unarudi siku hiyohiyo, hivyo kila siku ina kazi yake.

Mswaki wenye nyuzi laini utumike mara mbili kwa siku kwa dakika mbili, na usiku usikosekane. Uelekezwe kwenye mpaka wa jino na ufizi, usogezwe kwa miduara midogo bila kukandamiza. Nyuma ya meno ya chini, pale ugaga unapoanzia, pasirukwe. Kati ya meno patumike uzi wa kusafishia meno angalau mara moja kwa siku. Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi, au nyuzi zikipinda.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya choroko kubwa au njegere. Mzazi amsaidie kupiga mswaki mpaka afike miaka saba au minane, kwa sababu mkono wa mtoto mdogo hauwezi kufika kila mahali. Baada ya kutema, si lazima kusukutua kwa maji mengi, floraidi ibaki ikilinda.

Huduma ya kusafisha meno hutolewa katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa, hospitali za rufaa na kliniki binafsi. Bei hutofautiana, kwa hiyo mtu apige simu kwanza, aulize gharama ya uchunguzi na ya kusafisha kila moja peke yake, na mwenye bima aulize kama huduma hiyo imo kwenye kifurushi chake.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mtu mzima nyumbani ashike kioo na tochi ya simu, atazame nyuma ya meno ya chini ya mbele. Akiona ukuta wa manjano au kahawia, au akipiga mswaki na povu likatoka na damu, aweke miadi na daktari wiki hii, jino likiwa bado halijaanza kucheza.